Presha ya mimba ikishuka baada ya kujifungua, mama afuatiliwe vipi miaka inayofuata?

Muuguzi_Mwanaidi

Habari wadau. Naandaa karatasi ya ukurasa mmoja ya kumkabidhi mama aliyepata presha ya mimba au kifafa cha mimba siku anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Maelekezo mengi yanaishia wiki ya 6: presha ikikutwa 120/80 mama anaambiwa amepona, na habari inaishia hapo. Miaka 15 baadaye anafika na kiharusi, na hakuna anayemuuliza mimba zake zilikwendaje.

Nahitaji majibu yanayopimika. Kwanza, siku za mwanzo baada ya kujifungua presha ipimwe lini na lini, na ikifika ngapi asisubiri? Pili, baada ya wiki 6 apimwe nini na kila baada ya muda gani? Tatu, kisukari cha mimba na kujifungua kabla ya wakati viingie kwenye karatasi hiyohiyo? Nne, uzazi wa mpango: njia zipi zina shida kwake?

Na kuna hoja nakutana nayo kila mara, kwamba kondo la nyuma likishatoka ugonjwa umekwisha. Anayeweza kuieleza vizuri anisaidie, maana ndiyo inayofanya mama asirudi.

---

Dkt_Mishipa

Nianze na hiyo hoja, kwa sababu nusu yake ni kweli, na ndiyo maana haifi.

Mwanzoni mwa mimba, mishipa midogo ya damu kwenye mji wa mimba inatakiwa kutanuka ili damu nyingi ifike kwenye kondo kwa mwendo wa taratibu. Isipotanuka vya kutosha, kondo linakosa damu na linamwaga protini kwenye damu ya mama, mojawapo ikiitwa sFlt-1. Hiyo hunasa vichocheo ambavyo utando wa ndani wa mishipa unavihitaji ili ubaki na afya. Utando ukidhoofika, mishipa inajibana, figo zinavujisha protini, ini na ubongo vinaumia. Kondo likitoka, chanzo cha sumu hiyo kimeondoka, na wengi presha hushuka ndani ya wiki chache. Hadi hapo wenye hoja wako sahihi.

Wanachokisahau ni mishipa yenyewe. Wapo waliokuwa na udhaifu tangu kabla ya mimba (presha ya juu kidogo, uzito, sukari, urithi wa familia) na mimba ikaufichua. Wapo pia ambao mimba yenyewe iliacha kovu kwenye mishipa, moyo au figo. Watafiti bado wanabishana kila sababu inachangia kiasi gani, ila kwa mama aliye mbele yako matokeo ni yaleyale.

Takwimu za kuweka kichwani: uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2007 ulionyesha kwamba aliyepata priklampsia (presha ya mimba inayoambatana na protini kwenye mkojo au kuumia kwa viungo kama ini na figo) ana uwezekano wa karibu mara 4 wa kuja kuwa na presha ya kudumu, na karibu mara 2 wa ugonjwa wa mishipa ya moyo na wa kiharusi, akilinganishwa na ambaye hakuipata. Uchambuzi mwingine wa 2017 ulikuta moyo kushindwa kufanya kazi ni karibu mara 4.

Usimwambie mama "utakuja kuugua moyo". Hizi ni namba za kulinganisha, na mwanamke wa miaka 28 anaanzia kwenye hatari ndogo sana. Mwambie kwamba presha yake inaweza kupanda mapema kuliko ya wenzake, na kwamba presha ndiyo njia kubwa ambayo hatari hiyo hupitia. Denmark walifuatilia wanawake wengi na kuchapisha mwaka 2017: waliojifungua mara ya kwanza wakiwa na miaka ya 20 na wakapata presha ya mimba, 14% walikuwa na presha ya kudumu ndani ya miaka 10, wasioipata, 4%. Waliojifungua wakiwa na miaka ya 40, 32% dhidi ya 11%. Kwa hiyo miaka 10 ya kwanza ndiyo ya kumshikilia, asiachwe hadi afike miaka 50 ndipo tuanze kumpima.

Wenye hatari kubwa zaidi ni waliozalishwa kabla ya wiki 34 kwa sababu ya priklampsia, waliopata tatizo hilo zaidi ya mimba moja, na ambao mtoto alidumaa tumboni au alifia tumboni. Hao uwatie alama kwenye karatasi.

---

Mkunga_Rehema

Dada Mwanaidi, mimi nijibu la siku za mwanzo.

Kosa linalojirudia ni kumruhusu mama siku ya 2 kwa kuwa presha imetulia. Presha hushuka kidogo mara tu baada ya kujifungua, kisha hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6, kwa sababu maji yaliyokuwa yametuama kwenye tishu (ule uvimbe wa miguu) yanarudi kwenye damu. Yaani inafika kileleni wakati mama yuko nyumbani na kila mtu anamtazama mtoto.

Kwa hiyo: ambaye presha ilifika 160/110, aonekane ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Wengine wote, kipimo siku ya 3 hadi ya 5, kisha siku ya 7 hadi ya 10. Ikikutwa juu siku ya 3–5, apimwe kila baada ya siku moja hadi itulie. Anayetumia dawa apimwe kila siku 1 au 2 kwa wiki 2 za mwanzo.

Ikifika 150/100, aanzishiwe dawa hata kama hakuwa anatumia. Namba ya juu ikifika 160 au namba ya chini ikifika 110, rudia baada ya dakika 15. Ikibaki hapo ni dharura, na dawa ya kuishusha iingie ndani ya dakika 30 hadi 60. Hapo ndipo ubongo unapovuja damu. Asiambiwe akapumzike arudi kesho.

Dalili za kuandika kwa herufi kubwa: kichwa kuuma bila kutulia kwa dawa ya kawaida, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, degedege, kushindwa kupumua akilala chali. Degedege la kifafa cha mimba linaweza kutokea baada ya kujifungua, hata kwa mama ambaye presha yake ilikuwa ya kawaida mimba nzima. Akifika na dalili hizi, swali la kwanza pale mapokezi liwe: "Umejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita?" Bila swali hilo anatibiwa kipandauso.

Hilo la kukosa pumzi msilipitishe haraka. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaoanza mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua, na waliopata priklampsia wanaupata zaidi. Mama anaamka usiku akihema, analalia mito mitatu, miguu inazidi kuvimba badala ya kupungua. Watu wanasema ni uchovu wa kunyonyesha. Afanyiwe ultrasaundi ya moyo siku hiyohiyo.

---

Famasia_Juma

Naongezea dawa. Anayenyonyesha anaweza kutumia nifedipini ya kutolewa taratibu, amlodipini, labetaloli au enalaprili. Kwa wanawake wenye asili ya Afrika, mwongozo wa Uingereza unaanza na nifedipini au amlodipini, kwa sababu enalaprili peke yake mara nyingi haiwatoshi. Aliyekuwa anatumia methildopa abadilishiwe ndani ya siku 2 baada ya kujifungua, maana dawa hiyo huweza kuleta sonona, na kipindi hiki tayari kina hatari hiyo.

Presha ikishuka chini ya 130/80, dozi ipunguzwe. Wengi huachiwa vidonge bila tarehe ya kurudi, mwisho wake ama wanaanguka kwa kizunguzungu au wanaacha wenyewe ghafla.

Jambo moja lisisahaulike kwenye karatasi: enalaprili, lisinoprili na losatani hazitumiki kwenye mimba, zinaharibu figo za mtoto. Anayeondoka nazo aondoke pia na mpango wa uzazi, na maelekezo kwamba akipanga kushika mimba abadilishiwe dawa mapema.

---

Muuguzi_Mwanaidi

Asanteni sana. Sasa baada ya wiki 6. Tuseme presha ni 124/78 kliniki na mama hatumii dawa. Ana mashine nyumbani. Nimwambie nini kuhusu kupima? Wengi wanaleta namba zinazopishana sana.

---

Dkt_Mishipa

124/78 kliniki haitoshi. Uholanzi mwaka 2018 walichapisha utafiti wa wanawake waliopata priklampsia kali, wakawafunga mashine ya kupima presha kwa saa 24 mwaka mmoja baada ya kujifungua: karibu 4 kati ya 10 walikuwa na presha, na sehemu kubwa yao kipimo cha kliniki hakikuiona. Presha yao ilikuwa ya kawaida mbele ya daktari, inapanda nyumbani au usiku. Kwa kundi hili kipimo cha nyumbani ni sehemu ya uchunguzi wenyewe.

Namba zikipishana, angalia kwanza mkanda unaofungwa mkononi. Mpime mzunguko wa mkono kwa futi ya kushonea, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa sentimita 36 akiutumia huo atapata namba za juu kuliko ukweli, hata kwa pointi 10 au zaidi, na ataanzishiwa dawa asiyohitaji. Huyo anahitaji mkanda wa 32 hadi 42. Mashine za kifundo cha mkono achana nazo.

Namna ya kupima: kibofu kitupu, nusu saa bila kahawa wala sigara, akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi. Asipime huku ananyonyesha wala huku anaongea. Apime mara 2 kwa nafasi ya dakika 1, asubuhi na jioni, siku 7. Namba za siku ya kwanza azitupe, zilizobaki atafute wastani. Nyumbani kikomo ni 135/85, si 140/90. Na aandike kila namba, hata ile asiyoipenda. Wengi huandika nzuri tu na kurudia mbaya hadi ishuke.

Ratiba ninayopendekeza: wiki ya 6 hadi ya 8, presha na protini kwenye mkojo. Protini ikiwepo, irudiwe mwezi wa 3. Ikiendelea kuwa juu aonwe na mtaalamu wa figo, maana huenda ugonjwa wa figo ulikuwepo kabla ya mimba. Ambaye presha bado ni 140/90 au zaidi wiki ya 12, hiyo si presha ya mimba tena, ni presha ya kudumu na itibiwe hivyo. Kolesteroli usiipime wiki ya 6, kwa sababu mafuta ya damu hupanda sana kwenye mimba na yanachelewa kushuka. Subiri miezi 3 au zaidi. Baada ya hapo, kila mwaka: presha, uzito na sukari, maisha yote. Kolesteroli isiyo na tatizo inaweza kusubiri miaka michache.

Kuna jaribio la Oxford lililotoka 2023 ambalo linanipa moyo. Akina mama walipewa mashine baada ya kujifungua, wakituma namba kila siku na dozi ikirekebishwa kwa kuzifuata. Miezi 9 baadaye, dawa zikiwa zimeshaachwa kwa wengi, presha yao ya saa 24 ilikuwa imepungua kwa takriban pointi 6, namba ya juu na ya chini pia, kuliko ya waliofuatiliwa kwa utaratibu wa kawaida. Inaonekana kuidhibiti vizuri wiki hizo za mwanzo kunaisaidia mishipa kupona.

---

Baraka_84

Samahani kuingilia. Kama hatari ni kubwa hivyo, kwa nini wasiendelee na aspirini ndogo maisha yote? Si ndiyo inayozuia kifafa cha mimba?

---

Dkt_Mishipa

Ndugu Baraka, swali zuri, lakini hapana. Aspirini kwenye mimba ina kazi moja: kusaidia kondo. Inaanza wiki ya 12, vizuri kabla ya wiki ya 16, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, na inasimamishwa wiki ya 36 au wakati wa kujifungua. Jaribio la ASPRE la mwaka 2017 lilitumia miligramu 150 usiku na kupunguza priklampsia ya kabla ya wiki 37 kwa takriban 60%. Kwa mwanamke kijana asiye na ugonjwa wa moyo, kuimeza kila siku kwa miaka 40 kunaleta vidonda vya tumbo na kutoka damu bila faida iliyothibitishwa. Aanze nayo tena mimba ijayo.

Dawa za kolesteroli ni habari nyingine. Tangu 2018 mwongozo wa Marekani unaitaja priklampsia kama jambo la kuongeza uzito pale daktari anaposita kuzianzisha. Yaani inasukuma uamuzi, haiutoi peke yake.

Na kwa kuwa tumegusa mimba ijayo: uwezekano wa priklampsia kurudi ni hadi 1 kati ya 6, ila aliyejifungua kati ya wiki 28 na 34 kwa sababu hiyo ni 1 kati ya 3. Kwa hiyo kliniki aanze mapema, si wiki ya 20, maana muda wa aspirini utakuwa umepita.

---

Maabara_Neema

Swali la tatu la dada Mwanaidi limerukwa. Ndiyo, kisukari cha mimba kiingie, tena kwa wino uleule. Aliyekipata ana uwezekano wa mara 7 hadi 10 wa kupata kisukari cha aina ya 2, na hatari ya magonjwa ya moyo karibu mara 2, nayo huongezeka hata kwa ambao kisukari hakijarudi. Kujifungua kabla ya wiki 37, hata bila presha, nako kunaongeza hatari, kwa kiasi kidogo zaidi.

Kipimo chake ni cha kunywa glukosi, wiki ya 4 hadi ya 12 baada ya kujifungua. Kile cha wastani wa sukari wa miezi 3 (HbA1c) kisitumike wakati huu: damu iliyopotea na chembe mpya zilizoingia zinakishusha, na mama anaonekana mzima kumbe sivyo.

Ale kawaida siku 3 kabla, asijinyime wanga. Afunge saa 8 hadi 14, maji ruksa. Damu ya kwanza, kisha glukosi gramu 75 ndani ya maji mililita 250 hadi 300, ainywe ndani ya dakika 5. Saa zinahesabiwa tangu funda la kwanza. Akae, asizungukezunguke, anaweza kunyonyesha. Damu ya pili baada ya saa 2 kamili. Akitapika, kipimo kimeharibika, arudi siku nyingine.

Majibu: kabla ya kunywa 7.0 mmol/L au zaidi, au saa 2 baadaye 11.1 au zaidi, ni kisukari. Kama hana dalili, kithibitishwe kwa kipimo cha pili. Saa 2 ikiwa 7.8 hadi 11.0, yuko njiani kuelekea kisukari, na huyo ndiye wa kumkazania: kupunguza 7% ya uzito na mwendo wa haraka dakika 150 kwa wiki, au metformini, vyote viwili vilipunguza kisukari kwa karibu nusu kwa wanawake kama hawa kwenye utafiti mkubwa wa Marekani. Majibu yakiwa mazuri, arudie kila mwaka 1 hadi 3.

Ombi kwa wauguzi wenzangu: sampuli ikikaa juu ya meza, chembe za damu zinaendelea kula sukari, 5% hadi 7% kwa saa. Sampuli ya saa 2 asubuhi ikipimwa saa 6 mchana, 7.4 inaweza kusomeka chini ya 6. Tumieni chupa yenye floraidi, na hata hiyo iletwe mara moja kwa sababu haizuii papo hapo.

---

Mkunga_Rehema

La nne, uzazi wa mpango. Shida iko kwenye estrojeni, yaani vidonge vya mchanganyiko, kibandiko na pete. Vinapandisha presha na kuongeza damu kuganda. Kwa vigezo vya WHO, anayenyonyesha asivitumie kabisa wiki 6 za kwanza. Presha ikibaki 140–159 juu au 90–99 chini, kwa kawaida havishauriwi; ikiwa 160/100 au zaidi, ni marufuku. Ambaye presha imerudi kawaida anaweza kuruhusiwa baadaye, ila apimwe kabla na baada ya kuanza.

Kitanzi cha shaba hakina kizuizi chochote kwa sababu ya presha. Kipandikizi na vidonge vya homoni moja navyo ni salama kwake. Sindano ya miezi 3 ni sawa kwa presha ya kawaida, lakini ikiwa 160/100 au zaidi tafuta njia nyingine.

---

Muuguzi_Mwanaidi

Nimepata nilichohitaji. Swali la mwisho: nikibakiwa na mistari michache tu ya kuandika kwenye kadi yake, niandike nini ili daktari wa miaka 15 ijayo aelewe?

---

Dkt_Mishipa

Usiandike "alikuwa na presha". Andika hivi:

"Priklampsia kali, mimba ya 1, 2025. Alizalishwa wiki ya 33. Presha ya juu kabisa 172/114. Protini kwenye mkojo: ndiyo. Degedege: hapana. Alipewa magnesiamu salfeti. Mtoto kilo 1.6. Kisukari cha mimba: hapana. Wiki ya 12: presha 128/82 bila dawa, mkojo safi. Apimwe presha kila mwaka. Mimba ijayo: aspirini kuanzia wiki ya 12."

Wiki ya kujifungua na uzito wa mtoto usiviache hata nafasi ikibana, kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha ukali wa tatizo. Mama apige picha kadi hiyo kwa simu na kuituma kwa mtu wa familia anayemwamini. Kadi hupotea, na mtoto akishamaliza chanjo hakuna anayeitafuta tena.

---

Muuguzi_Mwanaidi

Nitaiweka kama mfano nyuma ya karatasi, na nafasi tupu pembeni za kujaza. Ile ya futi ya kushonea nayo naiweka. Mzunguko wa mkono utaandikwa siku ya kuruhusiwa ili ajue mkanda wa kununua.